Barua ya wazi kwa dada'angu wa Leicester, Uingereza, kuhusu yule mzee aliyelala kaburini

Dada shikamoo.

Najua bado una hasira, na ujumbe wako kwenye grupu la familia hakuna aliyeujibu mpaka leo, wiki ya tatu hii, watu wamesoma wakakausha kama hawajauona. Mi nimeona nikujibu huku, hadharani, maana siyo wewe peke yako, kuna ndugu kibao wa huko nje na hata hawa wa Dar wakienda msibani Songea wanarudi na maneno hayo hayo. Jina lako silitaji, usiogope. Uliandika "hawa watu hawana utamaduni hata kidogo". Sa hapo ndo nataka tukae kidogo.

Kwanza kilichotokea, coz kila mtu anakisimulia kivyake. Bibi kaletwa makaburini, kaburi liko tayari, mara yule mzee wa Kihehe kashuka ndani kalala chali, kajifunga kanga ya bibi kiunoni, anasema hatoki ng'o, hii nyumba bibi alishamuahidi yeye, anayetaka kuzika alipe kwanza. Watu wakaangua kicheko, hata baba ambaye alikuwa hajala siku mbili. Wewe ukalia, alafu ukamfokea mzee wa watu mbele ya jeneza, ukamwita mlevi. Akatoka kimya kimya, akajipangusa vumbi, akaenda kukaa kule kwenye miembe. Watu walioumia pale, dada, waliumia hapo, siyo alipolala kaburini.

Yule ni mtani wetu. Siyo mtani wa kupiga stori, mtani kabisa. Sisi ni Wangoni, na Wangoni unajua walitoka kusini huko, Zambezi wamevuka mwaka 1835, wakapanda juu, wengine wakaishia Songea, na mwishoni mwa miaka ya 1870 kuingia 1880 na kitu wakapigana na Wahehe vita vya kweli, watu wakafa, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Wajukuu wa waliouana wale ndo hawa leo wanaitana watumwa, wanaibiana kuku, wanazikana. Na siyo vita tu inayozaa utani. Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani walipata watani njiani kote walikopita, maana ukifia safarini mbali na kwenu nani atakuzika kama siyo mtani.

Na utani una sheria kuliko unavyofikiria. Asiye mtani akilala kwenye lile kaburi anapigwa, tena anapigwa vibaya. Mtani akikutania huruhusiwi kununa, ukinuna unatozwa faini. Yeye naye akifiwa, wewe ndo unakwenda kumlalia kaburi lake, na kabla ya hapo umechota maji, umepasua kuni, umefanya zile kazi ambazo wafiwa hawana nguvu nazo. Kuna Mwingereza mmoja, Radcliffe-Brown, mwaka 1940 aliandika kuhusu mambo haya kwamba ni mahusiano ambayo mtu anaruhusiwa, na mahali pengine analazimika, kumdhihaki mwenzake, na mwenzake analazimika kutokukasirika. Alikuwa anatafuta kwa nini watu wenye sababu ya kugombana na sababu ya kupatana kwa wakati mmoja wanaishia kutaniana. Nilisoma hiyo chuo nikacheka peke yangu, yani nimekopa ada nije nifundishwe habari za bibi.

Coz mi utani nilifundishwa na bibi mwenyewe kabla sijajua kusoma. Alikuwa ananiita mume wangu, ananidai matumizi, nikilia anasema nimeoa mwanaume gani huyu. Hakuna aliyenikalisha akanieleza, nilijikuta tu najua nani wa kumtania na nani wa kumwamkia kwa adabu. Mwaka 1871 Tylor, huyu naye Mwingereza, alipoeleza utamaduni ni nini alitaja maarifa, imani, sanaa, sheria, desturi, orodha ndefu, lakini neno lililobeba mzigo wote ni kwamba mtu anavipata kwa kuwa mmoja wa jamii. Hazaliwi navyo. Ndo maana mtoto wa kaka, miaka sita, alicheka pale makaburini na wewe mwenye digrii mbili ukalia, haimaanishi ana akili kukuzidi, amekulia pale tu.

Alafu kuna hili neno lenyewe. Utamaduni tumelitoa Kiarabu, ndani yake kuna mji, ukoo mmoja na Madina. Ustaarabu ndo usiseme, ni kuwa kama Mwarabu. Kwa hiyo toka zamani tunaposema fulani hana ustaarabu tunamaanisha hajafanana na sisi wa mjini. Ukisema hivyo kwa hasira sawa, lakini mtu asiye na utamaduni hayupo, hajawahi kuzaliwa.

Na mi sikusemi kama mtakatifu. Unakumbuka nilivyokuja kwako, yule jirani wa namba ya pili akafariki? Nikavaa shati nikasema twende tukakae na wafiwa, ukanizuia, ukasema huku huendi bila kuitwa, tuandike kadi. Mazishi yenyewe yakaja baada ya wiki mbili na nusu, dakika arobaini, watu wakala sandwichi wakatawanyika. Nikampigia mama usiku ule ule nikamwambia hawa watu hawana roho. Sikuuliza chochote. Baadaye nikamwona mjane kazipanga zile kadi zote dirishani, anazisoma moja moja.

Kuna kitu nakubaliana na wewe lakini. Kuna watu wanajificha nyuma ya utani kushikashika wanawake au kutukana mtu mpaka analia, alafu wanasema ah si mtani tu. Hao sitawatetea eti mila, na wazee wenyewe wanawakataa.

Ila yule mzee siyo huyo. Amepita nyumbani juzi, anaulizia yule mke wake mkali wa Ulaya. Faini yako ni kuku wawili, ukija arobaini mikono mitupu anapandisha iwe mbuzi. Na kumbuka wewe ni mtoto wa shangazi, mi wa mjomba, yani mimi na wewe pia ni watani, kwa hiyo barua hii yote huruhusiwi kuninunia. Namba yake nakutumia pembeni, anasema hata kuku wa kwenye simu anapokea, utume na ya kutolea.