Kabla hamjanunua mfumo

Shangani, Mtwara
20 Januari 2026

Somo yangu mpendwa,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako niliipata Ijumaa jioni, nikaisoma barazani huku watoto wakigombea embe, nami nimechelewa kujibu kwa sababu ulichoniuliza hakijibiki kwa ujumbe wa simu. Umesema kwamba kampuni yenu imetenga fedha za kununua mfumo mpya wa kusimamia maudhui ya tovuti, yaani programu ya kuandikia, kupitishia na kuchapishia kurasa zake, kwamba umewekwa kwenye kamati ya kuuchagua, na kwamba ungependa kujua sisi tulichukua upi. Nitakuambia, lakini sitaanzia hapo, kwa kuwa sisi tulianzia hapo na ilitugharimu karibu mwaka mzima.

Kampuni yetu unaijua: makao makuu yako Dar es Salaam, maghala na malori yako huku Kusini, na kila ofisi ya kanda inaamini kwamba tovuti ni ya watu wengine. Kimbunga Hidaya kilipotufikia tarehe 4 Mei 2024, mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika maeneo kadhaa ya Kilwa, Somanga ikiwamo, malori yetu yakakwama ng'ambo yakiwa na mizigo ya wateja. Jumapili ya tarehe 5 niliandika tangazo la sentensi sita: barabara imekatika, mizigo iliyotoka siku fulani imesimama, mwenye bidhaa zinazoharibika apige namba hii. Sentensi sita tu, somo yangu. Zilitoka tovutini Ijumaa ya tarehe 17, wakati magari yamekwisha kuanza kupita kwenye njia iliyotengenezwa kwa dharura, na mteja mmoja wa Masasi akanipigia kuuliza kama barabara imekatika tena.

Baadaye niliketi nikafuatilia zile siku kumi na mbili zilikokwenda, nikifungua barua pepe moja baada ya nyingine. Meneja wa kanda aliisoma rasimu siku iyo hiyo na kuipeleka Dar es Salaam kwa watu watano kwa mkupuo. Meneja wa usafirishaji akarekebisha maneno mawili. Meneja wa masoko, ambaye hakuyaona marekebisho hayo, akarekebisha yake kwenye nakala ya mwanzo. Kufikia Jumatano tukawa na matangazo mawili, na kila mmoja akiulizwa anajibu kwamba yeye ameshapitisha. Mwanasheria akataka neno “imekatika” liondolewe, liwekwe “imepata changamoto”, ili mteja asije akatushtaki kwa kukiri kwamba mzigo wake umekwama, kana kwamba mteja huyo hakuwa akiliona lori lenyewe kwenye televisheni. Jumapili ya tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima, na barua pepe yenye viambatisho ikawa haifunguki. Mkurugenzi alikuwa safarini, na hakukuwa na maandishi popote yanayosema nani anakaimu kwa jambo la tovuti. Mwishowe katibu muhtasi wake aliichapa rasimu kwenye karatasi, ikasainiwa, ikapigwa skani, ikatumwa kwa kijana wa TEHAMA, ambaye peke yake ndiye aliyekuwa na neno la siri la tovuti. Kijana akaiandika upya kwa mkono kutoka kwenye picha ya skani. Namba ya simu iliyotoka hewani ilipungua tarakimu moja.

Nilipojumlisha muda ambao mtu yeyote aliutumia kuisoma karatasi ile, haukufika saa moja. Uliobaki wote ulikuwa wa kusubiri.

Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka ule uamuzi ulikuwa kama huu wenu: mfumo ni mkongwe, tununue mpya. Wataalamu wakaja, wakauliza idhini zetu zinapitia kwa nani, tukawachorea njia ile ile ya watu sita, nao wakaiingiza kwenye mfumo kama tulivyoichora. Tuliichukua foleni yetu ya zamani na kuiwekea vitufe. Tofauti pekee niliyoiona miezi ile ya mwanzo ni kwamba zamani nilikuwa sijui rasimu imelala kwa nani, na sasa nilikuwa nikiona jina lake, likiwa na alama nyekundu pembeni, siku ya nne, ya tano, ya sita. Kuona tu kuna faida yake, sikatai, lakini mkulima anayesubiri viuatilifu vyake hafaidiki kwa mimi kujua jina la aliyevikawiza.

Kuhusu programu yenyewe, sikufichi: tulichukua Drupal, ile iliyoanzishwa na Dries Buytaert mwaka 2001. Tuliipenda kwa sababu hatua za maudhui, kutoka rasimu kwenda mapitio hadi kuchapishwa, unajipangia mwenyewe, na kwa sababu ukurasa wa Kiswahili na ule wa Kiingereza kila mmoja unaweza kuwa katika hatua yake bila kumsubiri mwenzake. Lakini hata WordPress, ambayo ipo tangu 2003 na ambayo kijana yeyote wa TEHAMA hapa Mtwara anaijua, inatenganisha bila kuongezewa kitu mchangiaji anayeandika na mhariri anayechapisha, na ina hatua ya kusubiri mapitio. Nakusihi usiruhusu kamati yenu imalize vikao vitatu ikibishana juu ya hizi mbili. Zote zitafanya mtakachoziambia, na tatizo letu lilikuwa kwamba hatukuwa na la kuziambia.

Kilichotusaidia kilikuwa jedwali. Mwezi wa Agosti mwaka jana meneja wa kanda alitufungia chumbani siku mbili, watu saba, na orodha ya kurasa zote zinazohusu Kusini, na kwa kila ukurasa tukatakiwa tujaze nafasi moja tu: nani akiamka asubuhi na kukuta hapa pana uongo, ataona aibu. Si idara, mtu. Ungecheka. Kulikuwa na tangazo la kazi ambalo aliyeipata kazi hiyo alikuwa ameshastaafu. Kulikuwa na ukurasa wa ghala tulilolirudisha kwa mwenyewe zamani. Kulikuwa na ukurasa wa shuhuda za wateja wenye picha zao, majina yao kamili na namba zao za simu, na hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba waliwahi kuombwa ridhaa. Mwanasheria alipouona alinyanyuka kwenye kiti, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuwa ikitumika tangu tarehe 1 Mei 2023 na sisi tulikuwa tumewaanika watu mbele ya dunia nzima. Uliondolewa siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana, nadhani ndio uamuzi wa haraka zaidi ambao tovuti yetu imewahi kuuona.

Tukafika kwenye ukurasa wa saa za kazi za ghala la Mtwara, na hapo ndipo nilipomkumbuka mzee mmoja mwenye duka Newala. Aliteremka Jumamosi moja na Fuso ya kukodi kuja kuchukua mzigo wake, akakuta geti limefungwa. Mlinzi alipomwambia kwamba Jumamosi hatufungui, mzee alitoa simu yake, kioo kina ufa kama utando wa buibui, akaukuza ule ukurasa kwa vidole viwili na kumwonyesha: Jumamosi hadi saa kumi jioni. Mlinzi akasoma, akarudisha simu, akasema, “Mzee wangu, hiyo ni ya Dar.” Nilikuwepo, nilikuwa nimefuata faili langu nililolisahau, na sijapata kusikia mtu akiieleza tovuti yetu kwa usahihi kuliko mlinzi yule. Fuso ililipiwa siku mbili. Tulipoulizana mle chumbani ukurasa ule ni wa nani, msimamizi wa ghala alisema hakujua kwamba upo.

Sasa ni wake. Anaubadilisha mwenyewe na hakuna anayemwidhinishia, kwa sababu hakuna mtu Dar es Salaam anayejua saa za geti la Mtwara kuliko yeye. Huo ndio msingi tulioufuata kwa kurasa nyingi: anayejua ndiye anayechapisha, na mtu wa pili mmoja tu husoma kwanza pale ambapo kosa linaweza kumgharimu mteja fedha. Mikataba, bei, taarifa za fedha za kampuni na kila penye jina la mtu binafsi hapatoki bila mwanasheria, hata kama ni saa saba za usiku na mkurugenzi amekasirika.

Juu ya ukimya tulibishana sana, na nakuhadharisha kwamba nanyi mtabishana. Mimi nilitaka iandikwe kwamba asiyejibu kwa siku moja ya kazi amekubali. Mwanasheria akakataa katakata, akasema yeye ndiye atakayesimama mahakamani, na huko hakuna hakimu atakayepokea utetezi wa “nilikuwa likizo”. Wakati ule nilimwona mkaidi. Leo nakiri alikuwa na hoja nzito kuliko yangu. Tulikubaliana kwamba kwa kurasa za kawaida asiyetoa maoni kwa siku moja hazuii wala hahesabiwi kuwa ameidhinisha: mwenye ukurasa anaamua peke yake na jina lake ndilo linalobaki. Kwa kurasa zile nzito, ukimya haukubali kitu, ila kila mwidhinishaji lazima awe na kaimu aliyeandikwa mfumoni, na mfumo unaihamishia rasimu kwa kaimu bila kumwomba mtu ruhusa. Kisha yeye mwenyewe mwanasheria akatushangaza. Alituandikia violezo vitatu vya matangazo ya dharura, kimoja cha barabara, kimoja cha ghala na kimoja cha malipo, amevipitisha mapema na kuacha nafasi za kujaza mahali, tarehe na namba ya simu tu. Kwenye kile cha barabara ameandika, kwa mkono wake, “imekatika”.

Desemba mzani wa malori kwenye ghala la Lindi uliharibika asubuhi. Msimamizi alijaza kiolezo kwenye simu, meneja wa kanda akakiidhinisha akiwa sokoni, kikatoka kabla chai haijapoa.

Jambo moja hakuna mtaalamu atakayekuambia, kwa hiyo nakuandikia mimi. Mfumo mpya unatunza kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na saa ngapi, na kila mtu ataisifu kumbukumbu hiyo kwenye mkutano. Lakini sisi tuligundua kwamba mabosi wawili walikuwa “wakiidhinisha” mambo wakiwa ndani ya ndege, kwa sababu maneno yao ya siri yalikuwa kwa makatibu muhtasi wao, yameandikwa kwenye karatasi ya njano chini ya kicharazio. Kumbukumbu ikawa inasema uongo kwa ustadi mkubwa. Usianze kwa kuwafokea makatibu, maana wao walikuwa wakiokoa kazi isilale. Tuliwapa akaunti zao wenyewe, za kuandaa na kukumbusha bila kuidhinisha, na mabosi tukawafundisha kuidhinisha kwa simu. Mmoja ameshika. Wa pili bado anamtumia katibu picha ya kioo cha simu kwa WhatsApp na kuuliza abonyeze wapi.

Mengine ni madogo. Anwani za kurasa zikibadilika, wekeni uelekezo wa kudumu, ule wa namba 301 unaompeleka msomaji wa anwani ya zamani moja kwa moja kwenye mpya, maana zetu za zamani zilikuwa zimechapwa nyuma ya hati za mizigo na kwa wiki mbili wateja wakawa wanaangukia kwenye ukurasa mtupu. Na wapeni Kiswahili nafasi ya kuwa rasimu ya kwanza; sisi tulikuwa tukiandika Kiingereza, tunapitisha Kiingereza, halafu tunatafsiri haraka kile ambacho wateja wetu wengi ndicho watakachokisoma.

Nimeambatisha jedwali letu, nimefuta majina na kuacha vyeo. Kabla ya kikao chenu cha kwanza, chagua tangazo lenu moja la karibuni, ufuatilie lilivyosafiri siku kwa siku, uende nalo likiwa kwenye karatasi moja. Wakikuuliza kuhusu mfumo, uwaonyeshe hiyo kwanza.

Naishia hapa kwa sababu mfumo umenitumia kikumbusho cha tatu tangu asubuhi: kuna kurasa nne za Lindi zenye jina langu ambazo tarehe ya kuzipitia ilikuwa jana. Tukijaliwa tutaonana Ramadhani.

Wako akupendaye,
Somo yako