Mkirusha rekodi ya joto, semeni na kituo kiko wapi

Mhariri,

Kila mkiandika kwamba joto limevunja rekodi, hazipiti siku mbili kabla ya msomaji kuwajibu kwamba hayo ni matokeo ya lami na viyoyozi tu: kituo cha hali ya hewa kiliwekwa porini, mji ukakifuata, sasa kinapima joto la mji. Nusu ya hoja hiyo ni kweli, nanyi mnakosea kuipuuza.

Kipimajoto hukaa ndani ya kasha jeupe lenye kuta za vibao vya mshazari, mita moja na nusu hivi juu ya majani, ili jua lisikipige na upepo upite. Ila kasha halina la kufanya kuhusu jirani anayejenga. Majani yakiondolewa, unyevu uliokuwa ukiipoza ardhi huondoka nayo. Zege nalo hunywa joto mchana kutwa na kulitapika usiku. Gusa ukuta uliopigwa na jua la jioni, saa tatu usiku bado una vuguvugu. Ndiyo maana mji huonekana zaidi kwenye kipimo cha alfajiri kuliko cha mchana. Si jambo jipya: Mwingereza Luke Howard, mchunguzi wa hali ya hewa, alilibaini London mwanzoni mwa karne ya 19, kabla hata ya gari la petroli kubuniwa. Na Tokyo, kituo kilipohamishwa Desemba 2014 kutoka penye maghorofa hadi bustani ya Kitanomaru, mwendo usiofika hata kilomita moja, vipimo vya usiku vilishuka.

Sasa nusu ya pili, kwamba kwa hiyo dunia haipati joto. Hapo nakataa. Wataalamu hulinganisha kituo cha mjini na vya mashambani vinavyokizunguka, na ongezeko lisiloonekana kwa majirani hurekebishwa. Jaribio ninalolipenda ni la mtafiti wa hali ya hewa David Parker wa Uingereza, mwaka 2004. Upepo hupeperusha joto la mji. Basi kama mji ndio chanzo cha yote, joto la usiku tulivu lingepaswa kupanda mwaka hadi mwaka haraka kuliko la usiku wa upepo. Akakuta kasi ya kupanda ni ileile. Bahari nayo, inayofunika asilimia 70 hivi ya dunia, haina lami hata kidogo, lakini joto lake linapanda.

Ombi langu ni dogo. Mkichapa rekodi, ongezeni sentensi mbili: kituo kiko wapi na kimewahi kuhamishwa lini, kisha vituo vya mashambani vilisoma nyuzi ngapi siku hiyohiyo. Wala msiitupe namba ya mjini kwa kuiona ina dosari. Anayelala katikati ya mji huo halali kwenye joto lililorekebishwa.

Msomaji wenu wa kila wiki