Kaburi la Kunta Kinte

Mji wa Kale, Mombasa

Shoga yangu Grace,

Huku hatujambo, ila joto limetulemea. Mama akusalimia sana.

Nakuandikia kwa sababu ya Roots, ile hadithi ya Kunta Kinte, kijana wa Gambia aliyetekwa akapelekwa utumwani Marekani. Nimeimaliza ile tamthilia ya 1977, na kitabu cha Alex Haley nilikuwa nimeshakisoma, basi kichwa kimejaa. Kaka yangu aisifia ile ya 2016, ati picha zake ni safi. Mimi niko na ya kale, kwa ajili ya kaburi.

Wajua Kizzy, binti yake Kunta, anauzwa akiwa msichana wa miaka 16, kosa lake ni kumwandikia mpenzi wake cheti cha njia, ile ruhusa ya mtumwa kusafiri, ili atoroke. Kitabuni, akishachukuliwa tu, Kunta Kinte hatumwoni tena. Tumekuwa naye tangu alipozaliwa Juffure, tumelala naye kwenye giza la merikebu, tumeona mguu wake ukikatwa kwa shoka. Halafu hadithi inamfuata binti, baba anapotea. Alikufa lini, alizikwa wapi, nani alimlilia? Haley hasemi.

Tamthilia haikuweza kuvumilia kimya hicho. Kizzy, anayeigizwa na Leslie Uggams, anarudi baada ya miaka mingi, anakuta kaburi la baba yake limeandikwa Toby, jina alilopewa utumwani, analifuta jina hilo na kuandika Kunta Kinte. Nililia mpaka mama akaja kuuliza nani amefariki. Hata hivyo nashikilia kwamba kitabu ndicho kilichosema kweli. Wengi waliouzwa hawakurudi, wala hawakuonyeshwa kaburi. Ndivyo walivyomkuza pia yule nahodha wa merikebu anayesumbuliwa na dhamiri, anayeigizwa na Ed Asner, ilhali kitabuni tunabaki kule chini na Kunta. Watazamaji wa Marekani walitafutiwa pa kupumulia. Labda ndiyo sababu mamilioni walistahimili usiku 8 mfululizo.

Basi hapo nikamkumbuka bibi yako. Wazee wenu walianza kuletwa Frere Town, kile kijiji cha watumwa walioachwa huru, mwaka 1875, Wayao, Wanyasa, Wamakua, wengine watoto waliookolewa majahazini, wakapewa majina ya ubatizo. Kengele ile ya Kengeleni ilikuwa ikigongwa kuwaonya kwamba washika watumwa waja. Nani kati yao alirudi kuandika jina kwenye kaburi la babake? Nasi wa upande huu wa maji tusijifiche, Grace: baadhi ya majahazi yale yalikuwa ya watu wetu, na nyumbani kwetu jambo hilo halitajwi.

Najua wanahistoria wameutilia shaka ukoo alioueleza Haley, na mwaka 1978 alilipa fidia kwa vipande vilivyotoka katika riwaya ya mtu mwingine. Hilo ndilo linalonipa haraka. Bibi yako yu hai, akili zake timamu, na uliwahi kuniambia analijua jina la bibi yake la kabla ya ubatizo. Jina la kijiji je? Na mto? Nani mwingine analijua?

Mpigie simu umwombe ruhusa, kwa sauti yako wewe, maana mimi ataniona mgeni wa mambo haya. Akikubali, Jumamosi navuka daraja la Nyali, nampelekea mahamri na kumrekodi kwa simu, kila kitu, hata akirudia. Rekodi itakuwa yenu. Mimi sitampa mtu. Asipokubali pia nitakwenda kumwamkia.

Nijibu upesi.

Wako,
Mwanaisha