Kwa dada uliyeniongezea hela ya sindano, Kirumba, Mwanza

Dada yangu, Jumamosi ile kwenye duka la dawa, jirani na soko la samaki la Mwaloni, nilikuwa nahesabu hela ya dagaa mara ya tatu na bado haitoshi. Ukamalizia wewe, ukabeba ndoo yako ukaondoka kabla sijakuuliza jina.

Ile sindano ni glukagoni, dawa ya kupandisha sukari haraka, ya mwanangu mwenye kisukari anayetumia insulini. Sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo tunawahi soda; akishazimia huwezi kumnywesha kitu, atapaliwa. Juzi usiku alizimia. Nikamchoma pajani, nikamlaza ubavu, nikashika kiganja chake kilicholowa jasho. Dakika kama 10 hivi, akaita, "Mama."

Nakutafuta kila nikishuka sokoni. Asante sana dada, Mungu akurudishie maradufu.