Hundi ya Narsinh: salamu zangu za Diwali

Ndugu, jamaa na majirani, Diwali njema!

Usiku huu hakuna mwezi. Ni amavasya, usiku wa kiza wa mwisho wa mwezi wetu wa Aso, na sisi Wagujarati tunafunga mwaka. Kesho tutaamkiana "Saal Mubarak", yaani mwaka mwema, na jirani yangu Mwislamu atanichokoza kama kawaida yake: "Hiyo mubarak mmeitoa kwetu." Sawa, nanyi mmechukua gari, chapati na hundi. Tusidaiane.

Hilo la hundi ndilo limenikaa kichwani msimu huu. Narsinh Mehta, mshairi wa mji wa Junagadh, Gujarat, wa karne ya 15, alikuwa fukara wa kutupwa. Inasimuliwa kwamba mahujaji waliokuwa wakielekea Dwarka, mji mtakatifu wa mungu Krishna, waliogopa kusafiri na rupia 700, na watu wa mji, kwa kumdhihaki Narsinh, wakawaambia yeye ndiye tajiri wa kupokea fedha zao na kuwaandikia hundi ya kulipwa huko. Akaandika. Kama mlipaji alimtaja Shamalsha, yaani Krishna mwenyewe, kisha fedha zote walizompa akawagawia masadhu, yaani watawa, na maskini. Dwarka mahujaji walizunguka sokoni mpaka miguu ikawauma, hakuna anayemjua Shamalsha. Walipokwisha kukata tamaa akatokea sheti mmoja, mfanyabiashara tajiri asiyejulikana, akaisoma ile hundi, akalipa rupia zote.

Utotoni niliona ni bahati ya mtu mzembe na fedha za watu. (Baba, muuza duka, naye hakuipenda sana hadithi hii.) Sasa naisoma kupitia neno shraddha. Tumezoea kulifasiri "imani" tukapita, lakini katika Kisanskriti dha ni kuweka, na shrat huhusishwa na moyo. Ni kuuweka moyo mahali kabla malipo hayajaonekana, kama mtu anayepokea hundi.

Gita, kitabu chetu kitakatifu ambamo Krishna anamfundisha Arjuna, sura ya 4, ubeti wa 39, inasema mwenye shraddha ndiye apatayo jnana, maarifa. Wapo wanaoushika ubeti huo kukunyamazisha: amini, usihoji. Warudi beti tano nyuma. Ubeti wa 34 unasema maarifa hayo hutafutwa kwa kunyenyekea, kwa kuuliza na kwa kutumikia. Kuuliza kumo! Arjuna mwenyewe bado anauliza sura ya 18 inapofunguka. Na nadhani hata darasani ni hivyo: mwanafunzi anayemwamini mwalimu ndiye anayenyoosha mkono. Asiyemwamini hunyamaza, kengele ikilia anakwenda zake.

Jioni hii tumefanya chopda pujan, ibada ya kubariki daftari za biashara. Daftari mpya za hesabu zimefunguliwa, neno Shri likaandikwa likirudiwa mstari kwa mstari mpaka likawa kama piramidi, na pembeni Shubh na Labh, heri na faida. Kompyuta mpakato ya mdogo wangu nayo imepakwa kumkum, unga mwekundu wa ibada. Lakshmi, mungu wa kike wa mali, kila mtu anamjua, ila ibada hii huitwa pia Sharda Pujan, na Sharda ni Saraswati, mwenye elimu. Baada ya hapo kurasa ni tupu. Hakuna aliyeuza hata kiberiti, na tayari faida imeandikwa juu.

Basi Saal Mubarak, kwenu na kwa watoto. Chevdo na ladu ziko njiani. Mama jirani, sahani yako ya Idi ninayo bado, nitairudisha ikiwa imejaa.