Barua kwa mwanangu anayehamia Bukoba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kirumba, Mwanza. Mama yako na wadogo zako hawajambo. Tumefurahi kusikia umepangiwa kituo Bukoba. Uliniuliza kwenye simu kama ardhi ya huko itatikisika tena. Swali hilo linastahili barua.

Itatikisika, mama. Lini, hakuna ajuaye. Tetemeko la Jumamosi ile, tarehe 10 Septemba 2016, lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na hata huku Mwanza tulilisikia. Mkoani Kagera liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi, hasa za matofali ya udongo. Kwa hiyo kabla hujalipa kodi, kagua kama nyumba ina lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta juu ya milango na madirisha, na utazame kona za kuta kama zina nyufa.

Ila bila nguvu hizo hizo za chini ya ardhi tusingekuwa na Ziwa Victoria. Bara letu linapasuka taratibu, milimita chache kwa mwaka. Kingo za ufa wa magharibi, tawi la Bonde la Ufa lililo magharibi mwetu, zilipoinuka, mito iliyokuwa ikielekea magharibi, Kagera na Katonga ikiwamo, ilizibiwa njia. Maji yakarudi nyuma yakatuama kwenye bonde pana. Ndiyo maana ziwa letu lina kina cha mita 80 hivi tu, wakati Tanganyika, lililo ndani ya ufa wenyewe, linapita mita 1,400. Na ni changa: halijafikisha miaka milioni moja, wakati mawe yetu ya Mwanza yamepita bilioni mbili.

Tena lilishawahi kukauka. Miaka kama 17,000 iliyopita mvua zilipungua mno, mahali pa maji pakaota nyasi. Lilipojaa upya, furu, wale samaki wadogo, walioingia kutoka mitoni wakazaa aina kwa mamia. Hili hunishangaza kuliko yote. Siku ukija mwaloni, samaki wanakoshushwa, nitakupasulia furu wawili uone: mmoja ana vijino vyembamba vya kukwangulia mwani kwenye mawe, mwingine ana taya nene kooni za kuvunjia konokono. Miaka elfu kumi na kitu tu imewatenga hivyo!

Halafu kuna radi. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, pepo za pande zote zikakutana juu ya maji, hewa ikapanda na mawingu ya mvua na radi yakajengeka. Mvua hiyo ndiyo inayolijaza ziwa kuliko mito yote, na ndiyo inayowakuta vijana wanaovua dagaa kwa taa gizani. Nawaombea kila usiku.

Ukialikwa visiwani, vuka mchana kweupe, uvae jaketi la kujiokolea hata wenzako wakikucheka. Wingu likisimama, ahirisha safari. Na nitumie picha za zile kuta kabla hujatoa hela.

Baba yako