Mdogo wangu, zile kilo 2.3 si za wifi peke yake

Mdogo wangu,

Neno hili nimekaa nalo tangu arobaini ya mtoto. Nikikupigia simu tutagombana, kwa sababu wewe ukibanwa unasema mtandao unasumbua halafu kimya. Basi nakuandikia, tena hadharani, maana najua maneno yaliyosemwa kwetu siku ile yanasemwa kwenye mikeka mingi.

Wageni walikuwa wamemaliza pilau, mtoto anapokezanwa. Mama akamchukua, akampandisha na kumshusha mikononi kama mtu anayechagua papai sokoni, akasema, "Mbona kepesi hivi? Ulikuwa huli, mwanangu?" Wifi akainama. Wewe ukacheka, ukaongeza la kwako: "Alikuwa anakula pemba huyu, mama. Udongo tupu!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe, nikamwona anavuta mtandio mpaka machoni.

Kadi ya kliniki nimeiona. Kilo 2.3. Chini ya 2.5 huhesabiwa uzito pungufu, na mtoto wa namna hiyo anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Hapo sibishani na mtu. Ninachobishana nacho ni ile "ulikuwa huli" ya mama, na zaidi kicheko chako. Mjamzito anayetafuna udongo mara nyingi damu yake imepungua, madini ya chuma hayamtoshi. Wifi alikuwa anakuonyesha ugonjwa, wewe ukaona kichekesho.

Sasa nisikilize, na usiniambie namletea habari za darasani. Miaka yote hii nafundisha baiolojia watoto wa watu, leo acha nikufundishe wewe.

Unakumbuka madrasa, ustadhi alipoandika ubaoni kafu, te, be? Akatia irabu, tukasoma *kataba*, aliandika. Akafuta irabu, akatia nyingine, tukasoma *kutiba*, iliandikwa. Herufi ni zilezile, hakuigusa hata moja. Jeni zako ni zile herufi. Ulipewa na baba na mama, na wali wala ugali hauzibadilishi. Ila juu ya herufi mwili hutia alama ndogo sana za kemikali, mojawapo inaitwa methili, na alama hizo huamua jeni gani isomwe na gani ikae kimya. Seli ya ini lako na seli ya jicho lako zina maandishi mamoja, zimetofautiana irabu. Elimu yake inaitwa epijenetiki. Na malighafi ya kutengenezea methili inaingia kwa mdomo: foliki ya mchicha, matembele na maharage, vitamini B12 ya dagaa, nyama na maziwa, kolini ya kiini cha yai. Lile yai, kumbuka, ambalo bibi alikuwa anawakataza wajawazito wasile, eti mtoto atatoka na kipara.

Babu naye alikuwa na somo hili juu ya mbuyu, sema hakujua jina lake. Kila mzinga una malkia mmoja na maelfu ya vibarua. Jana, yaani mtoto wa nyuki, la malkia na la kibarua halina tofauti ya herufi. Siku za mwanzo majana yote hulishwa yale maziwa meupe yanayotoka kichwani mwa nyuki walezi. Kisha vibarua wa kesho wanaachishwa, wanapewa mchanganyiko wenye asali na chavua, na yule mteule anaendelea na maziwa mpaka mwisho. Matokeo yake mmoja anaishi miaka na kutaga mayai zaidi ya elfu kwa siku, mwingine, msimu wa kazi, anakufa ndani ya wiki chache. Mwaka 2008 wataalamu wa Australia walipunguza ndani ya majana kile kimeng'enya kinachotia alama za methili, na mengi yakaibuka na maumbile ya kimalkia. Yaani maziwa yale yanafanya kazi kwa kugusa irabu.

Utasema binadamu si nyuki. Haya, twende Uholanzi.

Septemba 1944 wafanyakazi wa reli huko waligoma ili kuwakwamisha Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi. Wajerumani wakajibu kwa kuzuia chakula kisiingie miji ya magharibi, Amsterdam, Rotterdam na The Hague. Majira ya baridi yakaingia, mgao ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na kipindi kibaya kabisa ukacheza kati ya 400 na 800. Watu walichemsha vitunguu vya maua ya tulipu wakala. Watu wapatao 20,000 walikufa. Mei 1945 nchi ikakombolewa na chakula kikarudi karibu kwa mkupuo.

Njaa ile ilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, na daftari za wakunga zilibaki. Ndiyo maana mtu aliweza kuulizwa miaka mingi baadaye: wewe ulikuwa na miezi mingapi tumboni? Waliokutwa na njaa mwishoni mwa mimba walizaliwa wadogo, kama unavyotegemea. Waliotungwa njaa ikiwa imepamba moto wengi wao walizaliwa na uzito wa kawaida, kwa sababu mama zao walipata kula kabla ya kujifungua. Hakuna mama mkwe ambaye angewanyanyua na kusema neno. Lakini hao ndio waliofika utu uzima na unene zaidi, na maradhi ya moyo zaidi. Mwaka 2008 damu yao ikapimwa, wakiwa na umri wa miaka kama 60, ikalinganishwa na ya ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakuipata njaa. Kwenye jeni iitwayo IGF2, inayohusika na ukuaji, alama za methili zilikuwa pungufu. Miaka 60, mdogo wangu! Na wale wa mwisho wa mimba, waliozaliwa wadogo, kwenye jeni hiyo hawakuonyesha tofauti.

Kwa hiyo mzani ulioukazia macho siku ile unaona jambo moja tu. Na niambie, katika wale akina mama wa Amsterdam, ni nani ungemuuliza "ulikuwa huli"?

Nije nyumbani. Mama alizaliwa lini? Mwanzoni mwa 1975. Bibi aliibeba mimba yake 1974, mwaka ule wa ukame, Mpwapwa uwele umekauka shambani, watu wanasubiri lori la unga wa msaada, ule wa mahindi ya njano walioubatiza *yanga*. Bibi alikuwa anasimulia kwamba ugali wake uliwashinda siku ya kwanza, siku ya tatu wakawa wanaugombania. Mboga ilikuwa mlenda mkavu, ukikosekana ni chumvi. Huyu mama yetu anayewanyanyua watoto wa wenzake na kuwapima kwa mkono, bibi alisema yeye mwenyewe alizaliwa anatosha kwenye ungo na nafasi ikabaki.

Kuna jingine ambalo wanafunzi wangu huwa hawaliamini. Mtoto wa kike huumbiwa mayai yake yote akiwa bado tumboni. Bibi alipokuwa anaugombania ule ugali wa njano, yai lililokuja kuwa wewe lilikuwa tayari liko ndani ya kitoto kilichokuwa ndani yake. Wewe na mimi tulipitia njaa ya 1974, nusu yetu.

Hapa usikimbilie mbali. Sisemi kisukari cha mama kimetoka kwenye ule mwaka. Mtu mmoja hathibitishi kitu, na mama chai yake unaijua, vijiko vinne. Wala sitaki ukawatangazie watu kwamba damu ya ukoo wetu imeharibika. Alama nyingi za methili hufutwa mbegu zinapoundwa, kisha hufutwa tena siku za mwanzo baada ya mimba kutungwa. Kwa panya na mimea kumeonekana zinazoponyoka na kuvuka vizazi. Kwa binadamu, ushahidi wa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ni mzito, wa kufika kwa mjukuu bado ni mwembamba. Anayekuuzia dawa ya "kusafisha jeni za ukoo" anataka hela yako.

Mfano ninaoupenda kuliko huu wa vita uko Afrika, Gambia, kijiji cha Keneba. Pale mwaka una sura mbili. Kiangazi ghala zina nafaka. Masika ghala ni tupu, jembe ni zito, wanawake wanakonda, lakini majani mabichi ndiyo yamejaa. Mwaka 2014 ulitoka utafiti uliolinganisha watoto waliotungwa kwenye kilele cha kila msimu. Mama zao walipimwa virutubisho kwenye damu, na watoto wakapimwa wakiwa na miezi michache. Waliotungwa masika, msimu wa njaa, walikuwa na alama za methili nyingi zaidi kwenye jeni zote sita zilizoangaliwa. Mvua inapoanza na jua linaposhika, kijiji kilekile, akina mama walewale wa kulima, na irabu za watoto zinatofautiana. Nani kati yao alichagua?

Nimefika kwako sasa. Kwenye nyumba yako masika ni nani?

Unaacha elfu tano ya matumizi mezani ukitoka. Humo kuna mkaa, mafuta, unga, na mboga yenu ya usiku. Wifi aliniambia, si kwa kulalamika, tulikuwa tunachambua mchele tu, kwamba samaki akipatikana mmoja ni wako, yeye anamalizia mchuzi. Genge amelisimamia mpaka mwezi wa nane. Kliniki alianza mimba ikiwa na miezi mitano kwa sababu ulisema mapema ni uchuro. Vidonge vya damu alipewa, vikamtia kichefuchefu, akaacha, na hukujua.

Na wewe mwenyewe usijitoe kwenye hesabu. Mbegu za mwanamume huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, na zina alama zake pia. Mwaka 2010 huko Australia panya dume walinenepeshwa kwa mafuta, kisha wakapandishwa kwa majike waliokula kawaida. Mabinti waliozaliwa walikuwa na kasoro ya kuidhibiti sukari mwilini. Mama hakukosea chochote. Denmark nako wamelinganisha mbegu za wanaume wembamba na wanene wakaona alama zimetofautiana, na kwa wanaume wachache waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza unene zikabadilika tena baada ya hapo. Nikikumbuka ile miezi kabla ya ndoa, wewe na chipsi mayai zako za stendi kila usiku na soda kubwa, nacheka peke yangu. Ila siku ya arobaini sikusikia mtu akikuuliza wewe ulikuwa unakula nini.

Ya mbele basi, maana mtoto yupo na anakua.

Nasikia mama anataka aanzishiwe uji akiwa na miezi miwili na maji ya glukosi "ajazie". Asipewe. Maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Na msimfukuzie unene. Huko Helsinki walifuatiliwa watu wazima ambao kadi zao za utotoni zilihifadhiwa. Waliougua moyo zaidi ni waliozaliwa wadogo, wakabaki wembamba mpaka miaka miwili, kisha wakaongezeka uzito kwa haraka. Huyu anatakiwa akae kwenye mstari wake kwenye kadi, apande nao taratibu. Kushinda mtoto wa jirani si kazi yake. Anayenyonyesha ndiye wa kulishwa: uji wa ulezi wenye karanga, dagaa, yai, mboga ya majani isiyochemshwa ikageuka nyeusi. Yai lisipotosha wawili, safari hii wewe malizia mchuzi.

Na mkitaka mwingine, nyote wawili mwende kliniki kabla. Mrija wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo. Wakati huo wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Foliki asidi ikiwepo mapema hupunguza sana mgongo wazi. Mwaka 1991 jaribio kubwa lilionyesha kwamba kwa akina mama waliowahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo, ilizuia karibu robo tatu ya kurudia kwake. Vidonge vya mwezi wa tano ni vizuri kwa damu, ila kwa mrija ule gari limeshaondoka.

Mama nitazungumza naye mimi. Sitamfokea. Nitamwomba anisimulie tena habari za lori la yanga, wifi akiwa amekaa palepale, tuone atafika wapi kabla hajamtazama mtoto.

Jumamosi napanda basi la kwanza. Naleta ulezi, kilo mbili za karanga na dagaa wa kutosha, na wifi nimemwambia asipike, alale. Karanga utazichambua wewe. Nikifika nataka nione kadi ya mtoto imeshaandikwa uzito wa mwezi huu, na aliyempeleka ni baba yake.

Dada yako.